Theluthi au robo? Kisa cha belo moja la Tandika

Wifi wawili wanaouza mitumba ya watoto katika soko la Tandika, Temeke, walifika mahali pa kununiana kwa sababu ya hesabu moja ambayo kila mmoja wao aliipiga kwa kalkuleta ya simu, na kila mmoja aliipiga sawasawa. Mmoja alipata faida ya asilimia 33, mwenzake akapata asilimia 25. Belo, yaani robota la mitumba, lilikuwa moja, pesa ni zile zile, daftari ni lile lile. Kati ya majibu hayo mawili kulikuwa na shilingi 34,000, na kwa mtu anayeishi kwa meza moja ya sokoni hiyo si pesa ya kuachia tu.

Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa yao, bila majina. Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, na kila mwaka nawaona watoto wanaobadili sehemu kuwa asilimia ukurasa mzima bila kukosa hata swali moja. Mtoto huyo huyo akishakuwa mtu mzima mwenye biashara, anagombana na ndugu yake kwa jambo ambalo zoezi halikuwahi kumuuliza: sehemu hiyo ni ya nini? Hilo ndilo lililowakuta hawa wawili, na naona linawakuta wengi zaidi ya wale wanaoshindwa kuzidisha kwa mia.

Mpango wao ulikuwa hivi. Wifi mkubwa ndiye mwenye mtaji, na ndiye anayekwenda kununua belo kwenye maduka ya jumla ya Kariakoo. Wifi mdogo, mke wa kaka yake, anakaa mezani toka asubuhi: anapiga pasi ya mkaa, anatundika, anaita wateja, anafunga jioni. Kodi ya meza wanachangia pembeni. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Mtaji unarudi kwanza. Faida ikifika asilimia 30, wanagawana nusu kwa nusu; isipofika, muuzaji anachukua theluthi na mwenye mtaji anabaki na theluthi mbili. Wifi mkubwa aliweka kiwango hicho ili mwenzake asiuze kwa bei ya kutupa, na kwa kweli alikuwa na haki ya kuogopa, maana nguo ya mtoto ni rahisi kuiachia mteja akishaanza kulalamika.

Belo lilikuwa la kilo 45, nguo za watoto mchanganyiko, lililonunuliwa kwa 570,000. Guta la kubebea mzigo na wapakiaji walikula 15,000. Mkaa, henga na mifuko, 15,000 nyingine. Jumla 600,000. Lilipofunguliwa zilitoka nguo 400, yaani kila nguo ilisimama kwa wastani wa 1,500. Siku 20 za mezani baadaye zilikuwa zimeisha zote na pesa iliyoingia ilikuwa 800,000, wastani wa 2,000 kwa nguo. Faida, 200,000. Mpaka hapo hakuna aliyebisha.

Wifi mdogo alikuwa wa kwanza kusema lake. Nguo imenunuliwa 1,500, imeuzwa 2,000, imezaa 500. Mia tano inaingia mara tatu kwenye elfu moja na mia tano, kwa hiyo faida ni theluthi. Theluthi kwenye kalkuleta ni moja gawa kwa tatu, zidisha kwa mia: 33.33. Thelathini imepitwa, tugawane nusu, nipe laki yangu.

Wifi mkubwa alianzia kwenye pochi. Humu mna laki nane, akasema. Laki sita zinarudi Kariakoo kununua belo jingine. Zinazobaki ni laki mbili. Ukizipanga noti nyekundu za elfu kumi, katika kila misimbazi minne mmoja tu ndio wetu. Hiyo ni robo, na robo ni asilimia 25 hata bila kalkuleta, maana nne inaingia kwenye mia mara 25. Thelathini haijafika, wewe una theluthi ya faida. Akahesabu 33 ya mia katika laki mbili, akamtolea 66,000.

Hiyo 66,000 yenyewe ina kasoro ndogo ambayo niseme mapema tuiache nyuma. Theluthi haitimii kwenye mia, ni 33.33 na tatu hazikatiki. Aliyeikata ikawa 33 kamili amempunja mwenzake 667. Pesa ya kugawana ikiwa ya theluthi, sudusi (moja ya sita) au subui (moja ya saba), gawa kwa sehemu yenyewe, gawa kwa tatu, kwa sita, kwa saba. Asilimia iache kwa ajili ya kulinganisha. Watu wa Pwani waliowahi kukaa kwenye mirathi ya Kiislamu wanalielewa hili: mke mwenye watoto anapewa thumuni yake, moja ya nane, mama wa marehemu sudusi yake, na hakuna anayekubali sudusi yake iandikwe 16 ya mia, kwa sababu kwenye nyumba au shamba kile kinachokatika ni mali.

Tuliketi barazani jioni, daftari katikati. Niliwaomba wazipange zile laki nane mafungu manane kwenye mkeka, sita upande mmoja na mawili upande wa pili. Nikamwomba wifi mdogo aguse yale anayoyalinganisha na yale mawili. Akagusa sita. Nikamgeukia wifi mkubwa. Akazungusha mkono juu ya yote manane. Hapo wenyewe walinyamaza na kutazamana, kwani sasa ilionekana kwa macho: mawili kati ya sita ni theluthi, mawili kati ya manane ni robo. Faida ni ile ile. Mmoja anaipima kwa gharama, mwingine kwa mauzo, na mauzo siku zote yana gharama na faida ndani yake. Kwa hiyo biashara yoyote inayopata faida, asilimia ya gharama itakuwa kubwa kuliko asilimia ya mauzo. Robo ya gharama ni moja ya tano ya mauzo, 25 dhidi ya 20. Nusu ya gharama ni theluthi ya mauzo, 50 dhidi ya 33.3. Aliyenunua kwa elfu na kuuza kwa elfu mbili amepata asilimia 100 kwa hesabu ya kwanza, na 50 kwa hesabu ya pili. Wote wawili wamesema kweli.

Lakini kusema wote wana haki hakumlipi mtu. Swali lililobaki ni ile thelathini ya makubaliano: ilikuwa thelathini ya nini? Wifi mkubwa alisema hakumbuki kama waliwahi kuitaja, ni thelathini tu. Wifi mdogo akasema vivyo hivyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na bahati yao daftari lilikuwepo. Kurasa chache nyuma, kwa mwandiko wa wifi mkubwa mwenyewe, siku waliyoanza ushirika, kulikuwa na mstari mmoja tu: «500 irudi 650, hapo nusu nusu.» Belo la laki tano, likirudi laki sita na nusu, faida ni 150,000. Ukiigawa kwa 500,000 unapata 3/10, asilimia 30 kamili. Ukiigawa kwa 650,000 unapata 3/13, ambayo ni 23.08. Kwa hiyo thelathini yao ilizaliwa upande wa gharama. Wifi mkubwa aliiweka mwenyewe akitazama bei ya kununulia, na alipofika kwenye kupima akaanza kutazama pochi. Fundi aliyechukua vipimo kwa inchi akakata kitambaa kwa sentimita hawezi kumlaumu mteja nguo ikibana.

Hapo kuna jambo ambalo lilimpendeza wifi mkubwa mwenyewe alipoliona, na ndilo lililomaliza ubishi. Hata kama angetaka kubaki na hesabu yake ya mauzo, kiwango nacho kinapaswa kuhamia huko. Kiwango kikihamishwa kinakuwa 23.08, na belo limeleta 25. Limevuka. Kwa gharama ni 33.3 dhidi ya 30, kwa mauzo ni 25 dhidi ya 23.08, ukipima vyote kwa kitu kimoja, jibu halibadiliki. Ugomvi ulitokana na kuchukua 25 ya upande huu na kuisimamisha mbele ya 30 ya upande ule. Kama kweli angekuwa ametaka asilimia 30 ya mauzo, belo la 600,000 lingebidi lirudishe zaidi ya 857,000, wastani wa zaidi ya 2,140 kwa kila nguo, na hakuna mahali popote kwenye daftari walipowahi kupanga hivyo.

Laki moja ikalipwa pale pale.

Sasa nataka nimtetee wifi mkubwa, kwa sababu wapo watakaosoma na kudhani robo yake haikuwa na kazi. Robo ile ndiyo inayolinda mtaji. Chukua siku ya kawaida ya mauzo ya 40,000. Muuzaji anayejua kwamba faida yake ni theluthi, akakata theluthi kwenye pesa ya jioni, anatoa 13,333 akidhani ni faida. Faida halisi ya siku hiyo ni robo, 10,000. Zile 3,333 ni mtaji, na zimekwenda sokoni kununua samaki na mchele. Kwa belo zima la 800,000 atakuwa amekula 266,667, na atabaki na 533,333. Belo lile lile la 570,000 hawezi tena kulinunua, hata kabla ya guta. Nimeona meza zikifungwa hivi, na mwenyewe anasema biashara imekufa au kuna mtu amemwonea kijicho, wakati kila jioni alikuwa anakata kwa asilimia ya upande usio wake. Unapopanga bei ya nguo, tumia theluthi ya gharama: 1,500 ongeza theluthi, uza 2,000. Unapofungua pochi jioni, tumia robo ya mauzo. Mtu wa biashara anazihitaji zote mbili, kila moja mahali pake.

Na hiyo robo nayo ni ya belo zima. Ukiitumia siku kwa siku inaweza kukudanganya, kwa jinsi belo linavyouzwa. Wifi mdogo alikuwa amegawa nguo zake makundi matatu. Nguo 150 zilikuwa kali, zile ambazo mama akiziona hazishushi tena mkononi, na ziliuzwa 3,000. Nguo 200 zilikuwa za kati, 1,500. Hamsini zilibaki za buku, yaani elfu moja moja, za kumwaga chini kwenye turubai. Kali zikaleta 450,000, za kati 300,000, za buku 50,000.

Zile kali ni 150 kati ya 400, yaani 3/8. Kuibadili si kazi: thumuni moja ni nusu ya robo, 12.5, na thumuni tatu ni 37.5. Kwa pesa ni 450 kati ya 800, yaani 9/16, na hiyo ni 56.25. Kwa hiyo kali zilipoisha, aliyehesabu nguo aliona bado asilimia 62.5 ya belo imelala mezani, na aliyehesabu pesa aliona zaidi ya nusu imeshaingia. Wifi mkubwa alipita sokoni siku zile, akaona rundo, akarudi nyumbani na wasiwasi kwamba muuzaji wake analala. Wifi mdogo siku zile zile alikuwa anaona pochi nene na kujiona tajiri. Ukweli ni kwamba hakuna hata shilingi moja ya faida iliyokuwa imepatikana bado. Gharama ni 600 kati ya 800, robo tatu ya mauzo yote, asilimia 75. Mpaka mauzo yavuke hapo, kila noti iliyomo kwenye pochi ni ya belo lijalo.

Ilivuka lini? Baada ya kali zote na za kati mia moja kuuzwa. Zilizobaki ni za kati mia moja na za buku hamsini, na hizo ndizo zilizoleta laki mbili za mwisho. Zitazame zile za buku kwa karibu. Elfu hamsini yake ni 1/16 ya mauzo, asilimia 6.25, na mtu akiambiwa 6.25 anaweza kusema hizo gawa bure ufungue belo jingine, unapoteza muda. Elfu hamsini hiyo hiyo ni 1/12 ya gharama, asilimia 8.33. Na ni robo nzima ya faida, asilimia 25. Zingegawiwa bure, faida ingekuwa 150,000 juu ya 600,000, asilimia 25 ya gharama, na kiwango cha thelathini kisingefikiwa. Wifi mdogo angepata theluthi ya 150,000, yaani 50,000, badala ya 100,000. Subira ya kukaa na nguo za kumwaga chini wakati wenzake wameshafungua belo jipya ndiyo iliyoleta nusu ya malipo yake. Hili wifi mkubwa hakuwa analijua, na alipoliona alimwambia mwenzake, «Wifi, hapa umepigana.» Nililifurahia neno hilo kuliko ile laki.

Swali hili la «asilimia ya nini» halikai sokoni tu. Wanawake wengi wa vikoba wanaifuatilia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Utasikia mmoja anasema wanawake wanapata asilimia nne, mwingine anasema arobaini, na kikao kinachafuka. Nne ni ya mapato ya ndani ya halmashauri. Arobaini ni ya fungu lenyewe la mikopo, kwa sababu nne kati ya kumi ni 4/10. Au risiti ya dukani yenye kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara ni asilimia 18, na ukilipa 118,000 kodi iliyomo ni 18,000. Ukichukua asilimia 18 ya hiyo 118,000 unapata 21,240, na umekosea, kwa sababu 18 ni ya bei kabla ya kodi. Ndani ya ulicholipa kodi ni 18/118, karibu 15.25 ya mia. Ni theluthi na robo ya belo ile ile, imevaa nguo nyingine.

Turudi barazani, maana baada ya laki kulipwa kulikuwa bado na makubaliano ya mbele, na mimi niliwaambia wazi kwamba kile kiwango cha thelathini sikipendi hata kikiandikwa vizuri. Kina ngazi kali mno. Belo la gharama 600,000 likileta faida ya 179,000, muuzaji anapata theluthi, 59,667. Likileta 180,000, anapata nusu, 90,000. Shilingi elfu moja ya faida imehamisha zaidi ya elfu ishirini na tisa kutoka mkono huu kwenda ule. Watu wawili wanaopendana wasiwekewe hilo kati yao. Siku moja guta litaandikwa 16,000 badala ya 15,000, na hata kama ni kweli lilikuwa 16,000, hakuna atakayeamini.

Nilipendekeza sehemu moja ya faida yoyote, kubwa au ndogo: mbili ya tano kwa muuzaji, tatu ya tano kwa mwenye mtaji. Ni 40 na 60 ya mia, zinatimia kamili, hakuna mkia wa tatu tatu. Na kwa sababu ni sehemu ya faida yenyewe, haihitaji tena kuuliza kama faida imepimwa kwa gharama au kwa mauzo. Wifi mdogo alikuwa mwepesi kuona ubaya wake: kwa belo hili angepata 80,000 badala ya 100,000. Nikamwonyesha upande wa pili, faida ikiwa 150,000 atapata 60,000 badala ya 50,000. Akasema mabelo mabaya ni mengi kuliko mazuri, lakini bado ana neno.

Neno lake lilikuwa hasara. Belo likifunguka na madoa, likarudisha laki tano na nusu, yeye amekaa mezani siku zote zile akatoka mikono mitupu. Wifi mkubwa akajibu kwamba yeye hapo amepoteza hamsini elfu za mtaji, na kama faida inagawanywa mbili kwa tatu basi na hasara igawanywe hivyo hivyo. Hapa nilimpinga. Muuzaji wa belo la hasara ameshapoteza kazi yake, hiyo ndiyo hasara yake. Kumdai na pesa ni kumpiga mara mbili.

Walichomalizia ni chao, si changu. Hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji. Muuzaji anapewa 2,000 ya nauli na chai kila siku ya mezani, belo liwe zuri au baya, na inaandikwa kwenye gharama. Wifi mkubwa akapiga mwenyewe hesabu ya belo lililopita kwa utaratibu mpya: siku 20 ni 40,000, gharama inakuwa 640,000, faida 160,000. Mbili ya tano ni 64,000, jumlisha nauli na chai, wifi mdogo anaondoka na 104,000. Yeye anabaki na 96,000. Kisha, bila kuulizwa, akaandika pembeni kwamba faida hiyo ni asilimia 25 ya gharama na asilimia 20 ya mauzo, akayapigia mstari maneno «ya gharama» na «ya mauzo». Belo jingine wamelifungua kwa makubaliano hayo, na kila gharama inaingia daftarini siku ile ile inapotoka.